Waliomkabili McCarthy kabla ya Murrow

Ndugu Mhariri,

Kisa cha Edward R. Murrow na Seneta Joseph McCarthy wa Marekani husimuliwa kana kwamba usiku wa tarehe 9 Machi 1954 mtangazaji mmoja wa CBS, shirika la redio na televisheni la Marekani, alisimama peke yake, akasema kweli kuhusu seneta huyo, na hofu ya ukomunisti ikayeyuka. Simpunguzii Murrow heshima hata chembe, lakini simulizi hilo linawadhulumu waliomtangulia na kulificha kosa la magazeti yenyewe.

McCarthy alipohutubia Wheeling, West Virginia, Februari 1950, alidai kuwa na orodha ya wakomunisti waliojipenyeza katika Wizara ya Mambo ya Nje. Idadi iliyoripotiwa kwanza ilikuwa 205. Siku chache baadaye ikawa 57, na mbele ya Seneti ikawa 81. Karani wa ghala akileta hesabu za namna hiyo angeitwa ofisini siku hiyohiyo. Magazeti mengi, hata hivyo, yalichapisha kila dai kwa hoja kwamba seneta amesema, na kazi ya mwandishi ni kuripoti kilichosemwa. McCarthy naye alijua saa ambazo kurasa hufungwa, akawa anatoa tuhuma dakika za mwisho, wakati hakuna tena nafasi ya kumtafuta mtuhumiwa ajibu.

Wapo waliokataa mapema. Mwezi uliofuata, mchora katuni Herbert Block alichora katika Washington Post tembo, alama ya chama cha Republican, chama cha McCarthy, akisukumwa na kuvutwa na vigogo wa chama chake apande juu ya rundo la ndoo za lami, ishara ya kuwapaka watu matope, lililokaribia kuporomoka. William Evjue wa Capital Times, gazeti la Madison katika jimbo la McCarthy mwenyewe, alimwandama bila kuchoka, ingawa seneta alikuwa amekwisha kulihusisha gazeti hilo na ukomunisti tangu 1949. Drew Pearson, mwandishi wa safu na mtangazaji wa redio, alipigwa na McCarthy klabuni Washington Desemba 1950; siku chache baadaye seneta aliwataka wananchi wasusie kofia za kampuni iliyodhamini kipindi cha redio cha Pearson, na kampuni ikajitoa.

Hata kwa Murrow, kazi ninayoithamini zaidi ni kipindi chake cha televisheni cha Oktoba 1953 kuhusu Milo Radulovich, luteni wa akiba wa Jeshi la Anga, aliyekuwa akivuliwa cheo kwa sababu ya misimamo iliyodaiwa kuwa ya baba yake na dada yake. Murrow na mwenzake Fred Friendly walitoa dola 1,500 mifukoni mwao kulipia tangazo la kipindi hicho katika New York Times, maana CBS haikutaka kulilipia. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye, luteni alirudishiwa nafasi yake. Hapo palikuwa na mtu mmoja, faili moja na maswali yanayoweza kujibiwa, si malumbano ya wakubwa.

Naomba basi wanaofundisha uandishi wa habari waianze historia hii mwaka 1950, na wasiikatize kwenye ushindi. Ni kweli kwamba Seneti ilimkemea McCarthy Desemba 1954 kwa kura 67 dhidi ya 22. Lakini mwaka uliofuata kampuni ya Alcoa iliacha kukidhamini kipindi cha Murrow, na mwaka 1958 CBS ikakifuta.

Wenu katika kusoma,
Msomaji, Tanga