Abiria wa daraja la tatu naye apate kitanda

Ndugu Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, tunasikia vichwa vya treni, mataruma na mabehewa ya kubebea shaba. Naomba nafasi niseme juu ya kitanda, hasa kwa abiria wa daraja la tatu anayepanda Dar es Salaam kuja Mbeya, takriban kilomita 850, akikesha ameketi wima.

Kitanda cha treni kilikuwa cha wenye fedha kwa muda mrefu. Uingereza behewa la kulala lilianza mwaka 1873 kati ya Glasgow na London, nalo lilikuwa la daraja la kwanza tu. Daraja la tatu walisubiri hadi 1928, miaka 55! Hata hapo walipewa chumba ambacho mchana waliketi wanane na usiku wakalala wanne, kwa mto na blanketi. Wenye reli walikwama kwenye hesabu hiyo: ukimlaza mmoja, nafasi ya mwenzake imepotea.

TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, haikubana kiasi hicho. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita, vitatu kila upande. Kinachotofautisha ni hicho kitanda cha kati. Anayelipa zaidi ananunua nafasi ya kuketi kitandani bila kuinamisha shingo. Wa daraja la tatu ndiye aliyebaki na kiti.

India walishaipatia hesabu hiyo jibu. Behewa lao la kulala la bei nafuu halina milango ya vyumba wala shuka. Lile la muundo wa zamani lina sehemu tisa, kila moja na vitanda sita vya kukingama upana wa behewa na viwili vya kando ya njia ya kupita watu, jumla 72. Mchana kitanda cha kati huning'inia kikawa egemeo la mgongo kwa walioketi kile cha chini. Saa nne usiku hunyanyuliwa na kushikwa na minyororo, saa kumi na mbili asubuhi hushushwa. Saa hizo zimewekwa kwa kanuni, maana bila kanuni aliye chini anataka kukaa na wa kati anataka kulala, na ugomvi hauishi.

Kazi ipo kwenye mnyororo. Ndoano ikilika, au skrubu za bawaba zikilegea kwa mtikisiko, kitanda humwangukia aliyelala chini. Kati ya Mlimba na Makambako reli yetu ni kona, madaraja na mahandaki, behewa linasukwa kweli kweli. Ndoano iwe na ulimi unaoizuia kuchomoka, na kabla ya safari fundi aning'inie kwenye kitanda kwa uzito wake wote. Kuangalia kwa macho hakutoshi, kwa sababu ufa wa bawaba hujificha chini ya rangi. Kitanda cha kando nacho kiwe na ukingo. Aliyelala kwa kukingama, treni ikikata kona husukumwa upande wa kichwa au wa miguu, lakini wa kando huviringishwa moja kwa moja hadi sakafuni.

Sisemi viti vyote ving'olewe. Mama anayepanda Makambako na magunia yake kushuka Mbeya anahitaji benchi na sehemu ya mzigo, si godoro. Behewa moja au mawili ya vitanda kwa kila treni, kwa wanaokwenda mbali tu, yangetosha kuanzia. Godoro liwe jembamba la sponji, lifunikwe ngozi ya plastiki inayofutika kwa kitambaa chenye sabuni. Shuka na blanketi abiria aje navyo.

Na madirisha yafunge. Uyole reli inapita zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai, kioo kikibaki wazi kwa upana wa vidole viwili tu, aliyelala kitanda cha chini atapigwa na baridi usoni hadi stesheni ya Mbeya.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya