Kibali cha elki cha bei poa: kwanza uliza kinakuruhusu kusimama wapi

Sisi tunajaza maombi na kuuza vibali vya kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, katika jimbo la New Mexico, Marekani. Majibu ya droo ya leseni za jimbo yakishatoka mwezi wa Aprili, simu yetu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, mbona kwenye grupu kuna kibali cha elki nusu ya bei yenu? Mmeweka cha juu kiasi gani?" Safari hii mteja wa Dallas ametuandika hadharani kuwa sisi ni madalali tu, tunakula jasho la ndugu zetu. Haya, tujibu.

Udalali hatuukatai. Tunachokataa ni kulinganishwa na mtu anayeuza karatasi ambayo hajawahi kuisoma.

Tuanze na droo, maana lawama nyingi huzaliwa hapo. Sheria ya jimbo ya mwaka 2011 inagawa leseni hivi: asilimia 84 kwa wakazi, asilimia 10 kwa waombaji wenye mkataba na kiongozi wa uwindaji aliyesajiliwa jimboni, asilimia 6 kwa wageni wasio na kiongozi. Msimu wenye leseni 50 una maana wakazi wanachukua 42, wenye viongozi 5, na ninyi mnaotoka Texas na Arizona kwa kujitegemea mnagombania 3. Pointi za kulimbikiza kila unapokosa, kama za jimbo la Colorado, hapa hakuna. Umekosa miaka kadhaa? Bado uko sawa na aliyeomba jana. Kwa hiyo anayekuambia "nina mtu ndani, nitakupitisha" anakuibia. Ada yetu ya kujaza maombi si ada ya kushinda. Ni ya kupanga machaguo, kwa sababu jina lako likichomoka, kompyuta husoma machaguo yako matatu yote kabla ya kumgeukia mwingine. Mtu anajaza maeneo matatu ya msitu wa Gila ambayo kila mwindaji Marekani anayatamani, akikosa anadai arudishiwe pesa. Tulimwambia chaguo la tatu aweke leseni ya elki majike. Hakutaka.

Kuna na wale wanaotaka kutumia anwani ya binamu aliyeko Albuquerque ili wahesabiwe wakazi. Hilo hatulifanyi kwa bei yoyote. Ukazi ni kuishi hapa kweli, siku zisizopungua 90. Ukikamatwa New Mexico unaweza kufungiwa hata kwenu, kwa kuwa majimbo yana mkataba wa kutambua adhabu za wenzao.

Sasa vibali vya wenye ardhi, ambavyo havipitii droo, na ndivyo mnavyoviona kwenye grupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 elki walikuwa wamekwisha kabisa New Mexico. Wakaletwa wengine kutoka hifadhi ya Yellowstone, wakaongezeka. Leo wanalala msituni, usiku wanashuka kula nyasi za ng'ombe, wanavunja senyenge, wanakunywa maji ambayo mfugaji ameyapampu kwa gharama zake. Jimbo linampa mwenye ranchi inayowafaa elki hao vibali, na yeye ana hiari: atumie, agawe, auze. Bei hapangiwi na mtu. Wakazi wengi wanaulalamikia utaratibu huu, kwamba mnyama ni wa umma na faida ni ya mwenye ranchi. Wana hoja, ila mfugaji niliyemwona akiunga senyenge ile ile asubuhi baada ya asubuhi naye anayo yake.

Kosa linatokea hapa. Vibali viko vya aina mbili. Kuna cha eneo zima la uwindaji, lile lenye namba yake: unawinda ardhi ya umma iliyo wazi ndani ya eneo hilo, pamoja na ranchi zilizojiandikisha kwa mpango huo, na mwenye ranchi naye lazima awafungulie wawindaji wengine. Halafu kuna cha ranchi tu: hutoki nje ya mipaka ya ranchi hiyo. Karatasi zinafanana, namba ya eneo ni ile ile, bei ziko mbali kama mbingu na ardhi. Cha bei ya grupu karibu kila mara ni hiki cha pili.

Si kwamba ni kibaya. Ranchi kubwa yenye maji na miti, nitakuuzia bila wasiwasi. Lakini mteja mmoja alinunua mwenyewe mtandaoni, akaendesha gari kutoka Houston na friji mbili nyuma, akakuta kipande chembamba kando ya barabara, tanki la ng'ombe limekauka, kinyesi cha elki cha zamani kimekuwa cheupe. Jioni madume yakatoka, upande wa pili wa senyenge, kwenye msitu wa taifa. Akanipigia akinong'ona: "Kaka, nikiruka tu?" Usiruke. Kibali chako kinaishia kwenye ile senyenge. Alirudi na friji tupu, na alichotumia kwa mafuta, hoteli na kibali kilitosha kununua cha eneo zima kwetu. Ni kama kununua kiwanja Kigamboni kwa picha ya WhatsApp.

Mwingine alifika kambini na kibali, hana leseni. Kibali kinakupa haki ya kununua leseni ya jimbo, basi.

Bei yetu ina nini ndani? Tunampigia mwenye ranchi mwenyewe. Tunakagua aina ya kibali, tarehe, silaha, dume au jike, na kama namba yake haijatumika. Tunalinganisha mipaka na ramani, na mara nyingi tunakwenda kuangalia kama maji yapo. Kazi hiyo inakula siku na mafuta, na hatutaipunguza kwa sababu ya tangazo la mtu asiyejua hata geti liko upande gani.

Ukiona kibali popote, tutumie picha yake kabla hujalipa. Kuangalia aina yake ni bure. Ukisubiri hadi umelipa ndipo upige simu, tutakusomea ramani kwa ada ya kawaida, lakini kukibadilisha hatuwezi.