Robo ya kidonge si dozi ya mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wazazi, na pia wenzangu tunaosimama nyuma ya kaunta za dawa. Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu hapa Muheza, mkoani Tanga. Mvua zikishachanganya, watoto wengi huharisha na kutapika, na kila asubuhi nakutana na ombi lile lile: "Dada, nipe ya kutapika, mwanangu hajalala usiku kucha." Anayeomba mara nyingi kaja peke yake, mtoto kamwacha kwa bibi. Ukimuuliza mtoto ana kilo ngapi, hajui. Ukimuuliza umri, anakwambia, "Mdogo tu, ndiyo kwanza anaanza kutembea."

Nikimnyima, kuna mahali atapata. Atafungiwa kwenye kikaratasi vidonge vya metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika ambayo wengi wanaiita Plasil, aambiwe akate robo, asage, ampe mtoto kwa kijiko. Hiyo robo ndiyo inayoniuma. Kidonge kizima ni miligramu 10, kwa hiyo robo ni miligramu 2 na nusu, tena kama wembe umekata sawasawa, na haukati sawasawa. Mtoto wa kilo 10, hata daktari akiona ipo haja ya kumpa, hatakiwi kuzidisha miligramu 1 na nusu kwa mara moja. Huko Ulaya, mamlaka yao ya dawa ilikaza masharti mwaka 2013: aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, na kwa watoto wakubwa zaidi ibaki dawa ya akiba kwa kutapika baada ya upasuaji au kunakoletwa na dawa za saratani. Tumbo la kuharisha halimo.

Nimeyaona madhara yake kwa macho yangu. Jioni moja aliletwa dukani mtoto wa kike wa miaka kama mitatu. Shingo ilikuwa imepinda hadi kidevu kimegusa bega, macho yameganda juu, ulimi umetoka nje. Lakini fahamu anazo, analia, anamtafuta mama yake kwa mkono. Majirani waliofuatana naye walikwisha kusema ni mashetani, na mmoja alitaka arudishwe nyumbani afukizwe ubani. Nikamuuliza mama leo mtoto kala dawa gani. Akafungua pindo la khanga akanipa kikaratasi, hakina jina la dawa wala kipimo, ila vidonge nilivitambua. Nikamwambia apande bodaboda hadi hospitali, kile kikaratasi akishike kama anavyomshika mtoto. Kesho yake alinipitia. Daktari alikitazama, akamchoma mtoto sindano, na shingo ikarudi. Wangefukiza ubani usiku kucha yule mtoto angeteseka bure.

Wapo wanaokimbilia promethazini ya maji, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, kwa kuwa mtoto akinywa analala. Kulala huko ndiko kunakonitisha. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 dawa hii inaweza kudhoofisha pumzi hadi ikakatika, na Marekani waliweka onyo kali mwaka 2004 kwamba wa umri huo asipewe. Halafu mtoto aliyelewa dawa hanywi kitu. Mama anadhani kapoa, kumbe anakauka. Na msinunue dawa za maji za watoto kwa wanaotembeza kwenye mabasi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu inayoharibu figo. Moja ilikuwa promethazini. Watoto zaidi ya 60 walikufa.

Sasa mzazi ataniuliza, nikae nimtazame tu akitapika? Hapana, mama. Mpe maji ya ORS, ule unga wa paketi wenye chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, na hapa nataka tusikilizane vizuri, maana ORS nayo inaharibiwa jikoni. Soma paketi. Nyingi ni za lita moja ya maji safi na salama, nyingine za nusu lita. Ukimimina paketi nzima kwenye kikombe, chumvi inazidi na inamdhuru mtoto. Ukichanganya kwenye chupa ya lita moja na nusu, inakuwa nyepesi. Yakishapita saa 24, mwaga, koroga mengine.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kunywesha. Mtoto ana kiu, anapewa kikombe, anakigugumia chote, anatapika chote, na mama anasema ORS imemkataa. Haikumkataa. Mpe kijiko kimoja cha chai, subiri dakika moja au mbili, mpe kingine. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena taratibu zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ni kazi ya kukaa mkekani saa nzima na kikombe na kijiko, na akina baba mnaiweza pia. Kama anaharisha, aanze pia kupewa zinki.

Dawa ya kuzuia kutapika ina mahali pake. Hospitalini daktari anaweza kumpa ondansetroni mara moja, kwa uzito, baada ya kumwona mtoto na kuujua ugonjwa. Kutapika kunaweza kuwa malaria, homa ya uti wa mgongo au utumbo uliojifunga, na kidonge cha dukani kitauficha tu ugonjwa. Mtoto anayetapika kila anachopewa, anayeshindwa kunyonya, aliyelegea haamki vizuri, aliyepata degedege, au anayetapika kijani au damu, msimlete kwangu. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kichanga wa chini ya miezi 2 asingojewe kabisa.

Nina maombi mawili. Wazazi, mkija dukani njooni na mtoto na kadi yake ya kliniki. Wengi mkishamaliza chanjo ya surua ya miezi 18 hamrudi tena kupima uzito, na kilo zilizoandikwa mle zinakuwa za zamani. Wenye maduka, wekeni mizani karibu na kaunta. Mtoa dawa akijua kilo za mtoto, ana jibu la kumpa mama anayelazimisha robo. Na kila kinachotoka dukani kiandikwe jina, kipimo na saa, ili siku mtoto akipinda shingo daktari asianze kubahatisha.

Mtoa dawa,
Muheza, Tanga