Dawa ya kijani kwenye mkanda wa ngozi si ya kila asubuhi

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule ndugu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini, sio hizi za kutupa. Barua yake niliifurahia, nikasema kumbe bado tupo, mpaka nilipofika pale anaposema eti kila asubuhi upake dawa ya kijani, ile ya kung'arishia vyuma, kwenye mkanda wa ngozi wa kunyooshea makali afu upitishe wembe mpaka uchoke. Hapo nikaweka kikombe chini. Ndugu yangu, hapo umetupoteza, na nasema kwa uchungu manake mi mwenyewe nshafanya hivohivo na nikaula wa chuya.

Babu yangu alikuwa kinyozi hapa Ngamiani enzi za Mwingereza, kibao chake na kioo chini ya mwarobaini. Aliniachia vitu viwili, wembe wa Solingen na mkanda wake wa ngozi. Solingen ni mji wa Ujerumani wa watu wa visu na nyembe, na tangu 1938 kuna sheria kwao kwamba huruhusiwi kugonga jina hilo kwenye kisu ambacho hakijatengenezwa huko, kwa hiyo wembe wenyewe hauna maneno. Mkanda nao ulikuwa mweusi, unang'aa kama mlango wa msikiti wa zamani kwa mafuta ya mikono na miaka.

Sasa mi kwa ujuaji wangu nikaenda duka la hadweya, nikapewa mche wa dawa ya kijani kama mche wa sabuni, ile wanayopigia polishi vyuma, nikausugua kwenye mkanda mzima juu mpaka chini. Siku ya kwanza mambo safi, wembe unakata malaika wa mkononi bila kugusa ngozi. Wiki ya tatu ukaanza kuvuta ndevu badala ya kuzikata, hasa hapa chini ya kidevu, nikatoka damu siku mbili mfululizo mpaka mke wangu akaniuliza nimegombana na paka gani. Nikaushika wembe chini ya taa makali yakiwa juu, nikaona kauzi kembamba ka mwanga kanametameta kuanzia ncha mpaka mwisho. Makali yaliyosimama sawasawa hayaonekani, ukiona mwanga unakurudia ujue pale juu pameshakuwa duara.

Sababu yake wala si uchawi. Wembe wa kukunja unanolewa umelala, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, mgongo wenyewe ndo unapima pembe, digrii 16 au 17 hivi, huhitaji kukisia. Jiwe ni gumu, halibonyei. Ngozi inabonyea, wembe ukipita inazama kidogo halafu inainuka nyuma ya makali na kuyakumbatia. Kama ngozi ni tupu hakuna shida, kazi yake ni kunyoosha na kulainisha tu. Ila ukiipaka dawa, kila ikiinuka inakula kachuma pale kwenye ncha kabisa, na ukifanya hivo kila siku mara 60 unayazungusha makali kidogokidogo bila kujua, afu ukiona hayakati unaongeza dawa na unakandamiza zaidi, ndo unamaliza kabisa.

Na ile dawa ya hadweya ni tatizo lingine. Kijani chake ni kromiamu oksaidi, sawa, lakini mara nyingi imechanganywa na aluminiamu oksaidi na chembe zake zingine ndogo zingine kubwa, kwa sababu imetengenezwa kung'arisha bomba na vitasa, wala haikukusudiwa shavu la mtu. Ya wembe inaandikwa kipimo, maikroni 0.5, yaani chembe 140 ukizipanga ndo unapata unene wa unywele mmoja wa kichwani. Nyekundu ni oksaidi ya chuma, kutu kwa lugha yetu, masonara wanaijua sana. Ya almasi ipo mpaka 0.25 na chini ya hapo, inakula haraka, na kwangu mimi inaacha makali makali mno, uso unawaka mpaka adhuhuri. Rangi isikudanganye, kila kiwanda kina mpango wake, kuna hata ya njano ambayo ni mafuta ya kulainishia ngozi tu haina chembe yoyote, we soma namba.

Mi sasa hivi nafanya hivi. Wembe unamalizia kwenye jiwe laini kwanza, la namba 8000 au 12000 (namba ya ulaini wa chembe za jiwe), na kama jiwe halijamaliza kazi dawa haitakusaidia, hiyo naomba ieleweke. Nimebandika kipande cha jinzi kuukuu kwenye ubao ulionyooka, nikapaka dawa kiasi cha punje ya mchele, nikaisambaza kwa kidole mpaka rangi ikabaki kama kivuli. Napitisha mara 10, isizidi 15, mgongo unatangulia makali yanafuata nyuma, nageuza kwa mgongo, uzito ni wa wembe wenyewe mkono usiongeze kitu. Nafuta kwa kitambaa, kisha ngozi tupu mara 50. Basi. Hapo nanyoa mwezi na zaidi kwa ngozi tupu peke yake, nikiona inaanza kuvuta ndo narudi kwenye jinzi, na jinzi ikishindwa narudi kwenye jiwe.

Halafu vijana wa saluni msije mkasoma barua hii mkaanza mkanda mmoja kwa wateja wote. Ngozi huwezi kuichemsha wala kuiloweka dawa ya kuua vijidudu, damu ya mmoja inamfuata mwingine, nyie endeleeni na kiwembe kipya kila kichwa. Haya mambo ni ya nyumbani, mtu na shavu lake.

Mkanda wa babu haukupona. Nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu sabuni ya mche, nimekwangua na kisu butu, kijani kimezama ndani na kila nikipitisha wembe unaacha michirizi ya kijivu, kwa hiyo sasa ni wa visu vya jikoni, navyo vinakata nyanya vizuri tu siwezi kulalamika. Fundi viatu niliyemfuata ana ngozi nene za soli tu. Kama kuna msomaji wa Tanga au Muheza mwenye ngozi laini ya ng'ombe isiyo na kovu la kupe, upana inchi 3 urefu futi 2, aandike kupitia ukurasa huuhuu, nanunua.

Mjukuu wa kinyozi,
Ngamiani, Tanga