Mbao za viwandani ziuzwe zikiwa na daraja lake la fomaldehaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie fomaldehaidi, gesi ambayo wengi tunaijua kwa jina la fomalini inapoyeyushwa katika maji ya kuhifadhia maiti, ilhali sehemu yake kubwa huishia katika gundi za chipbodi, plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa). Mimi ni seremala, na gundi hizo ndizo zinazonilisha. Ninacholalamikia ni kuuziwa mbao bila kuambiwa zinatoa gesi hiyo kwa kiasi gani.

Kiwandani fomaldehaidi huchanganywa na urea ikawa resini, yaani gundi yenyewe, kisha resini hiyo hushindiliwa pamoja na chembe za mbao kwa joto kali hadi ikakauka na kuwa ngumu, isiweze kuyeyuka tena. Lakini si yote inayoshikana. Ipo inayobaki huru ndani ya ubao, na hata ile iliyokwisha kuungana na urea huachiliwa polepole unyevu na joto vinapozidi, ndiyo maana kabati jipya linaweza kuendelea kutoa gesi kwa miezi mingi.

Niliwahi kutengeneza kabati la chumba cha watoto kwa chipbodi iliyofunikwa melamini, nikalifunga milango na kuliacha karakanani siku tatu. Nilipolifungua, macho yaliniwasha na koo likanikauka kabla sijaitambua harufu yenyewe. Nyuso za mbao zilikuwa zimefunikwa vizuri. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa kingo za nyuma, za chini na matundu ya bawaba niliyaacha wazi, nami sikujua kwamba gesi hupitia hapo kwa wingi. Niliziba kila ukingo, nikaliacha kabati wazi penye upepo, na sikulikabidhi hadi harufu ilipopungua. Muuzaji wa mbao zile nilipomuuliza daraja lake la utoaji wa gesi, alinijibu kwamba chipbodi ni chipbodi.

Jibu hilo si kweli. Ulaya ina daraja la E1, la mbao zinazotoa gesi kidogo, na Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 ambayo kwa kipimo chake chipbodi haipaswi kuvuka sehemu 0.09 za gesi hiyo kwa milioni za hewa, MDF 0.11, na plaiwudi ya mbao ngumu 0.05. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba fomaldehaidi katika hewa ya ndani ya nyumba isizidi miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo katika dakika 30 zozote. Wataalamu wa saratani wa shirika hilo walikuwa wamekwisha kuiweka fomaldehaidi, mwaka 2004, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sisemi hayo ili watu watupe samani zao, maana hata miili yetu hutengeneza fomaldehaidi kidogo, na hatari hutegemea kiasi kinachovutwa na muda wa kukivuta. Kwa sababu hiyohiyo kiasi hicho kinapaswa kujulikana.

Naomba basi waagizaji na wauzaji wawajibishwe kuandika daraja la utoaji wa gesi juu ya kila ubao na katika stakabadhi, na mafundi wenzangu tusikabidhi kabati lolote ambalo kingo zake, hata zile zinazotazama ukuta, hazijazibwa.

Wako,
Seremala na msomaji wa gazeti hili