Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Novemba Hadi Julai

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu atawasomea mweka hazina, na vikao vya kamati vimekaa kama katiba yetu inavyotaka. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja katika kazi ya chama chetu ya kuwalea kwa ushauri mabinti wa sekondari: ile miezi ambayo binti amemaliza kidato cha nne na bado hajui anakwenda wapi.

Ratiba mnaijua. Mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Zaidi ya nusu mwaka binti yuko nyumbani. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Lakini akishaweka kalamu chini, mtaani anahesabiwa kuwa si mwanafunzi tena. Mahakama ya Rufani ilisema Oktoba 2019 kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Hata hivyo posa bado zinaletwa. Wapo pia ndugu wa mjini wanaoomba binti wa kuwasaidia kazi za ndani, "kwa muda tu", na muda huo hauishi.

Zamani ulezi wetu ulikuwa unaishia kwenye mahafali. Mwaka huu kamati iliamua mlezi aendelee na binti anayemlea mpaka Julai, na hapo ndipo nilipoona kazi ya chama hiki kwa undani wake.

Kwanza, suala la tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo anaouchagua mwanafunzi. Tangu mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ni 65, badala ya 16 tulizozizoea. Wazazi wengi wanajua PCB (fizikia, kemia na biolojia) na HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), basi. Mlezi alipomuuliza binti, "Wewe mwenyewe unataka kusoma nini?", jibu lililokuja mara nyingi lilikuwa, "Baba atasema." Wengine walinyamaza kabisa. Si kwamba hawana ndoto. Hawajawahi kuulizwa na mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kusubiri jibu.

Walezi wetu walisubiri. Walirudi wiki iliyofuata na kuuliza tena. Binti alipopata la kusema, walimzoeza kulisema: aanze na shikamoo, aeleze alama zake, ataje kozi anayoilenga na kazi inayotokana nayo. Kisha walimsindikiza nyumbani. Mlezi alikaa pembeni, binti ndiye aliyezungumza na baba yake. Naomba wote tushike utaratibu huo. Ukimsemea, baba atakuheshimu wewe, na binti atabaki alivyokuwa.

Matokeo hayakuwa mazuri kwa kila mmoja. Waliopata daraja la nne na sifuri walijifungia ndani, na simu zao zikazimwa. Kwa hao mlezi ana kazi kubwa kuliko kwa waliofaulu. Kuna kurudia mtihani, kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Kwa aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito, mlango wa kurudi darasani uko wazi tangu Novemba 2021. Tuliwaeleza pia kwamba Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi akiwa karani mwaka 1977, na stashahada yake ya juu ya utawala aliipata chuo cha Mzumbe mwaka 1986. Mfano huo uliwapa moyo, ila niliona uliowagusa zaidi ni wa jirani: muuguzi wa zahanati yao, aliyewaambia kwa mdomo wake kwamba mtihani wa hesabu aliurudia.

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini fomu ya kujiunga bado inadai godoro, sare, ndoo na nauli ya mkoa mwingine. Kamati inapendekeza sehemu ya michango yetu itengwe kwa ajili hiyo, na hoja hiyo mtaijadili leo.

Sharti la usalama halibadiliki. Mlezi hukutana na binti mahali pa wazi, mzazi akiwa na taarifa. Siri ya binti haizungumzwi kwenye kundi letu la simu. Akisema anadhurika, suala lifikishwe dawati la jinsia polisi au ustawi wa jamii siku hiyohiyo, hata kama anayetajwa ni mtu wa heshima mtaani.

Nawashukuru walezi wote kwa dhati. Mmetoa nauli zenu na Jumamosi zenu.

Orodha ya mabinti wanaomaliza Novemba hii anayo katibu, na wapo ambao bado hawana mlezi. Kabla ya kuondoka, wewe uliye na nafasi pita mezani kwake uandikishe jina lako, ukijua kwamba unajiandikisha hadi Julai.