Malalamiko Kuhusu Msamiati Maalumu Katika Programu Yenu ya Kunukuu Sauti

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wanukuzi wa mikutano na mahojiano ya Kiswahili, na tunalipia daraja la juu la programu yenu kwa sababu moja tu: ndilo lenye msamiati maalumu, ile orodha ambayo mteja huingiza majina na istilahi ambazo programu haizijui. Orodha hiyo haifanyi kazi mliyoitangazia. Kinachoudhi zaidi ni kwamba haisemi. Mtu anapakia faili, anaona alama ya kijani ya "imepokelewa", halafu neno lile lile linatoka limeharibika.

Tunaanza na kosa linalotupotezea muda kuliko yote. Chukueni neno "kishikwambi". Likishaingizwa kwenye orodha, linanukuliwa vizuri. Msemaji akisema "vishikwambi", tunapata "vishi kwa mbili". Akisema "weka kishikwambini", tunapata "weka kishikwambi ni", na hapo sentensi imeshapoteza maana, maana kiambishi cha mahali kimegeuzwa kuwa kitenzi. Inavyoonekana, orodha yenu hulinganisha neno tangu herufi ya kwanza, na hulipatia uzito, yaani namba ya kulipa kipaumbele wakati wa kunukuu, likiwa tu vile vile lilivyoandikwa. Ngeli ikibadilika, mwanzo wa neno umebadilika, na uzito wote umepotea. Nomino hiyo moja basi inadai mistari minne: kishikwambi, vishikwambi, kishikwambini, vishikwambini.

Nomino tunaweza kuvumilia. Vitenzi haviwezekani. Tukitaka kuingiza "tohoa", viambishi sita vya nafsi (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-) mara nyakati nne (-na-, -li-, -ta-, -me-) ni maumbo 24. Kauli ya kutendwa, "toholewa", inayafanya 48. Hapo hatujagusa ukanushi, wala yambwa (kiambishi cha mtendewa), wala "limetoholewa" na ngeli nyingine zote. Orodha yenu inaishia mistari 500. Vitenzi kumi vinaijaza. Tunaomba alama ya kuonyesha mzizi, mfano "*toho*", ili programu iruhusu viambishi mbele na nyuma yake. Lugha yoyote yenye viambishi itafaidika, si Kiswahili pekee.

Kosa la pili ni la ritifaa, na hili linarekebishika upesi mkiamua. Maneno kama "ng'atuka", "ng'oa" na "ung'avu" yana ritifaa ndani. Katika Unicode, mfumo wa kuzipa herufi namba kwenye kompyuta, ritifaa ya kibodi ni U+0027. Programu nyingi za kuandikia huigeuza zenyewe kuwa iliyopinda, U+2019. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa programu yenu ni maneno mawili tofauti. Mstari wenye U+2019 unapokelewa, unahesabiwa ndani ya zile 500, na hautumiki kamwe. Tumelithibitisha hivi: tulipakia "ng'atuka" kwa ritifaa iliyopinda, tukanukuu rekodi, neno likatoka "nga tuka", tukabadilisha ritifaa tu, tukanukuu rekodi ile ile, likatoka sawasawa. Hali ni hiyo hiyo kwa jina kama José, ambalo é yake yaweza kuwa herufi moja (U+00E9) au e pamoja na alama ya mkazo (U+0301), na kwa nafasi iliyosahaulika mwishoni mwa neno. Safisheni maandishi haya upande wa seva kabla ya kuyahifadhi. Mstari usioweza kusafishika, tajeni namba yake na sababu ya kuukataa.

Kila tulipoandika kuhusu haya tulijibiwa: "ongezeni uzito". Ushauri huo si sahihi. Uzito wa 10 kwa "kishikwambi" haufiki kwa "vishikwambi", kwa kuwa kwa programu yenu hilo ni neno jingine. Na kwenye maneno mafupi uzito mkubwa unaleta madhara. Tulipoipa "Kombo", jina la mtu, uzito wa 8, "chombo" na "kombe" navyo vikaanza kuandikwa "Kombo". Tuliposhusha hadi 3, jina likapotea. Kwa uzoefu wetu, jina fupi husaidika zaidi likiingizwa pamoja na neno linaloandamana nalo, kama "Mzee Kombo" au "Bi Neema", na mwongozo wenu haugusii jambo hili hata kwa sentensi moja.

Sehemu ya "badilisha baada ya kunukuu" nayo ni hatari. Haitambui mpaka wa neno. Kanuni ya "ali" kuwa "Ali" ilituletea "mAli", "swAli" na "asAli" katika matini nzima, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Wekeni chaguo la "neno zima tu", na liwe limewashwa tangu mwanzo.

Mengine kwa ufupi: faili ikipakuliwa, safu ya uzito haimo, orodha ni moja kwa akaunti nzima, kwa hiyo istilahi za mteja mmoja zinaingia kwenye kazi ya mwingine, na hakuna kumbukumbu ya nani alibadilisha nini.

Mlitujibu pia kwamba kiwango cha makosa kwa ujumla kiko chini. Kipimo hicho hujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawa kwa idadi ya maneno yaliyotamkwa. Kwa kipimo hicho "na" ina thamani sawa na jina la shahidi. Matini ya maneno 5,000 yenye majina 25 yaliyokosewa ina makosa ya asilimia 0.5, na haifai kukabidhiwa kwa mtu. Pimeni maneno yaliyo kwenye orodha peke yake, na mtuonyeshe matokeo hayo.

Tunaomba ndani ya siku 14 za kazi mtupe majibu ya maandishi kuhusu ritifaa, ripoti ya mistari iliyokataliwa na mpaka wa neno, na tarehe mnayotarajia kuanza kushughulikia viambishi. Hadi hayo matatu ya kwanza yatakaporekebishwa, tunaomba tutozwe ada ya daraja la kawaida, na tofauti ya miezi mitatu iliyopita irudishwe. Tumeambatisha faili mbili za orodha, moja kwa kila aina ya ritifaa, pamoja na rekodi tuliyotumia (WAV, 16 kHz, chaneli moja), ili mafundi wenu waone tatizo bila kutuuliza tena.

Wenu,

Timu ya Wanukuzi